Kumhesabu Aliyebaki Stejini: Shajara ya Mradi wa Kupima Usafiri Safi Nairobi

Januari, wiki ya pili

Hatimaye tumekubaliana mradi huu unapima nini. Kila mradi wa usafiri safi unaotumia fedha za umma hapa Nairobi utaulizwa mambo mawili: nini kimebadilika, na kimebadilika kwa nani. Swali la kwanza lina wataalamu tele. La pili hujibiwa kwa picha ya mama anayetabasamu dirishani kwenye jalada la ripoti, basi.

Wiki nzima imeishia kwenye ubishi wa fedha za umma ni zipi. Ukitaja mradi wa umma, watu huona tingatinga na ubao wa mkandarasi. Lakini msaada mwingine wa serikali kwa usafiri wa umeme haukutoka Hazina kwenda popote, kwa sababu pesa zenyewe hazikuingia. Sheria ya Fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Ile ya 2023 ikayaweka mabasi ya umeme, baiskeli za umeme na betri za lithiamu kwenye orodha ya VAT ya asilimia sifuri. Mwaka huohuo ikaidhinishwa bei maalum ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya umeme nchini huwa madogo.

Kodi isiyokusanywa ni fedha za umma vilevile. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi uwe na kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo basi la kampuni binafsi lililonunuliwa bila VAT limo kwenye orodha yetu, sawa na njia ya miguu iliyojengwa na kaunti. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuendesha matatu aliuliza kama tutamhesabu pia mwenye gari dogo la umeme kule Lavington, mtaa wa wenye nazo. Naam, yeye hasa.

Januari, wiki ya nne

Barua imepelekwa kwa ofisi moja ya umma kuhusu mradi wake wa usafiri. Tumeomba vitu vitatu: gharama iliyotumika kufikia sasa, michoro ya njia za miguu na vivuko, na hesabu ya abiria iliyochukuliwa kabla mradi haujaanza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Karani wa mapokezi aligonga muhuri kwenye nakala yetu, akauliza, "Mnatoka gazeti gani?" Tukamwambia hatutoki gazeti lolote. Akaipitia barua tena, polepole, kama anayetafuta mstari tulioficha.

Tumeomba pia jambo la nne kwa barua ya pekee. Sera ya kaunti ya usafiri usiotumia injini, ya mwaka 2015, iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Zaidi ya asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu. Tunataka kuona ile 20 ilikwenda wapi, mwaka kwa mwaka.

Februari

Kazi ya ramani. Umoja wa Mataifa, kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, una kiashiria chake, 11.2.1, kinachohesabu watu wanaoishi ndani ya mita 500 kutoka kituo cha basi, au kilomita moja kutoka kituo cha treni au cha mabasi makubwa ya njia maalum. Bahati nzuri Nairobi ina pa kuanzia. Mradi wa Digital Matatus, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, ulirekodi zaidi ya njia 130 za matatu kwa kutumia simu za mkononi na kuziweka wazi kwa yeyote. Steji nyingine zimehama tangu hapo, nasi tunazirekebisha kwa miguu, mtaa kwa mtaa.

Ukichora duara la mita 500 kuzunguka kila steji, karibu Eastlands yote inaingia ndani na unaweza kufunga laptopu ukaenda nyumbani. Lakini duara halijui Mto Ngong. Halijui reli, halijui ukuta wa kiwanda, wala halijui Outering Road, ambako unaiona steji ng'ambo kwa macho yako na bado unalazimika kutembea hadi kwenye daraja la miguu, upande, ushuke, urudi. Kwa hiyo tunapima njia ambayo mguu unapita. Na tunaipima mara mbili, mchana na saa kumi na moja alfajiri, kwa maana njia ya alfajiri si ileile. Wanawake wa Mukuru kwa Reuben wanaokwenda kazini Industrial Area walituonyesha: mchana wanakata kichochoro, alfajiri wanazunguka kupitia penye taa na vibanda vya chai. Umbali uliomo kwenye ripoti za mipango ni ule wa mchana.

Jambo jingine ni mipaka. Eneo bunge la Westlands lina Kitisuru ya matajiri ndani yake, na lina Kangemi ya wenye kipato kidogo. Ukitoa wastani wa Westlands umemwelezea mtu asiyekuwepo. Huko California sheria ya mwaka 2012, SB 535, iliagiza robo ya fedha za mfuko wao wa kupunguza gesi joto inufaishe jamii zilizoachwa nyuma, na mwaka 2016 sheria ya AB 1550 ikabana zaidi: robo hiyo iwe ya miradi iliyo ndani ya maeneo hayo yenyewe, si karibu nayo. Wao hupanga maeneo kwa vipande vidogo vya sensa, wakitazama hewa, magonjwa na umaskini pamoja. Tofauti ya "kunufaisha" na "kuwa ndani ya" ndiyo tuliyoichukua. Barabara inaweza kupita katikati ya mtaa wa maskini bila kituo hata kimoja, na kwenye karatasi ikaandikwa kuwa imewanufaisha.

Vipande vyetu ni vijiji vya ndani ya wadi, jinsi wakazi wenyewe wanavyovitaja. Mwenzetu wa takwimu hajafurahi, maana mipaka ya vijiji hailingani na ya sensa ya 2019. Tutabeba zote mbili.

Machi, wiki ya kwanza

Hapa ndipo tumebishana zaidi: nani aulizwe.

Njia iliyozoeleka ni kuwahoji abiria ndani ya basi. Ni rahisi, watu wameketi, hawana pa kwenda. Mwenzetu wa takwimu anaitetea, na hoja zake nazikubali: gharama ni ndogo, na matokeo yanaweza kulinganishwa na ya miji mingine. Hata kasoro yake moja ina dawa. Anayepanda basi kila siku, kwenda na kurudi, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mhojaji kuliko anayepanda Jumapili tu, kwa hiyo kila jibu hupewa uzito kulingana na mara ambazo mtu husafiri.

Ila hakuna uzito utakaomleta kwenye hesabu mtu ambaye hapandi kabisa. Ukiwauliza walioketi, utaambiwa viti ni vizuri. Swali la haki linaanzia kwa aliyebaki stejini, na kwa yule ambaye hakufika stejini.

Tulikwenda Marikiti, soko la jumla la mboga na matunda, alfajiri kujaribu fomu. Basi la umeme lilikuwa limesimama, kimya, taa za ndani nyeupe, sakafu imepigwa mopu. Mama mmoja akaja na gunia la viazi mgongoni mwa kijana wa mzigo. Konda akamtazama yeye, akalitazama gunia.

"Mathe, hiyo haiingii. Labda ulipie viti viwili."

"Viti viwili nauze viazi bei gani?"

Akaweka gunia chini, akakaa juu yake, akangoja matatu ya zamani yenye keria ya mizigo juu ya paa. Tulipomuuliza anaionaje gari ya umeme alijibu bila kinyongo: "Ni gari nzuri. Haina keria." Fomu yetu ilikuwa na swali kuhusu usalama, usafi, muda na nauli. Mzigo haukuwemo, kwa sababu fomu za aina hii hutungwa zikimfikiria mtu mwenye begi la laptopu. Sasa umo, na umo juu kabisa: unabeba nini, na umewahi kukataliwa kwa sababu yake?

Nje ya geti, mikokoteni ilikuwa imepanga foleni. Mkokoteni hautoi moshi hata chembe na unabeba chakula cha nusu ya jiji, na sijawahi kuona mpango wa usafiri safi unaoutaja isipokuwa kama kizuizi cha barabarani.

Machi, wiki ya tatu

Tumeafikiana: kuhoji kutafanyika mahali patatu. Ndani ya gari, kwenye steji kwa waliobaki, na nyumbani pamoja na kando ya njia za watembeao. Mahali pa tatu ndipo pesa zinaisha: nauli za wahojaji, kredito ya simu, chakula cha mchana, na heshima ya kupita kwanza kwa mzee wa mtaa ili tusidhaniwe tumetumwa kupima nyumba za kubomolewa.

Kipato hatuulizi moja kwa moja. Nairobi mtu hakutajii mshahara wake, na ukimlazimisha atakupa namba ya kukufukuza nayo. Badala yake tunauliza: "Wiki hii, kuna siku ulitembea kwa sababu nauli haikuwepo?" Jibu linakuja haraka na mara nyingi linakuja na maelezo. Swali la pili linalofanya kazi ni nauli ya juu zaidi uliyolipa mwezi huu, wala si ya kawaida. Nauli ya kawaida ni ile iliyoandikwa kwenye kibao cha kioo cha mbele. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni kibao kinageuzwa, na anayeishi kwa kibarua cha siku huamua hapo hapo kama ni nauli au ni unga.

Ugumu wa kuingia garini tunaupima kwa tepu: kimo cha ngazi ya kwanza kutoka ardhini, upana wa mlango, na kama kuna mtu aliyefunzwa kumsaidia anayetumia kiti cha magurudumu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Safu hii katika fomu hujazwa kwa sekunde, kwa bahati mbaya, kwa sababu majibu hayatofautiani.

Aprili

Kaboni. Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Umeme wetu, karibu asilimia 90, unatokana na vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Ziwa Turkana wenye uwezo wa megawati 310. Basi la dizeli likibadilishwa na la umeme, tofauti ni kubwa na haina ujanja.

Ujanja unaanza kwenye mambo mawili. La kwanza: gari la zamani liko wapi? Likikatwa vyuma, punguzo ni la kweli. Likiuzwa likaenda kuchoma dizeli ileile kwenye njia nyingine huko mashambani, hewa ya dunia haijui kwamba limebadilisha steji. Tunamwomba kila mwenye gari atuonyeshe logibuku, yaani hati ya umiliki, ya gari lililoondolewa.

La pili limetuchukua mwezi mzima, na nadhani ndilo jambo la maana zaidi tulilofikia. Abiria wa basi jipya alikuwa akisafiri vipi kabla? Tuseme wanne wameketi kiti kimoja nyuma ya kingine. Mmoja ameacha gari lake nyumbani: kaboni imepungua kweli. Wa pili alikuwa akipanda matatu ambayo bado inazunguka, sasa ikiwa na viti vitupu: punguzo ni dogo au halipo. Wa tatu ametoka kwenye boda. Wa nne alikuwa akitembea kutoka Mukuru hadi mjini, kwenda na kurudi.

Kwenye hesabu ya kaboni, huyu wa nne ni sifuri, au hata ni hasara kidogo, kwa kuwa miguu yake haikuwa ikitoa moshi. Kwenye hesabu ya haki ndiye aliyepata zaidi ya wote: muda, usingizi, uwezo wa kutafuta kazi mbali zaidi. Mradi unaowachukua wenye magari wa Kileleshwa utang'ara upande wa kaboni. Unaowachukua watembeao wa Mukuru utaonekana haujafanya kitu. Ukichanganya pande hizi mbili ukapata alama moja, mradi wa kwanza unashinda daima, na mwaka ujao fedha zinafuata alama. Kwa hiyo safu zitabaki mbili na hazitajumlishwa. Wafadhili wanapenda namba moja, hatutawapa.

Boda za umeme zina swali lao. Dereva asiye na pikipiki yake humlipa mwenye nayo kila siku. Gharama ya petroli ikishuka kwa kuhamia betri, je, akiba inabaki mfukoni mwa dereva au malipo ya siku yanapandishwa kuimeza? Tunauliza wote wawili, kila mmoja peke yake.

Hewa: tumeamua kutodai kitu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mikrogramu 5 za chembe ndogo kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na tuna vipimo vya bei nafuu tungeweza kuvifunga kwenye nguzo Jogoo Road. Ila unyevu huvidanganya vipimo hivyo, takataka zinachomwa Dandora, upepo unageuka, na mabasi machache ya umeme hayawezi kuonekana ndani ya kelele zote hizo. Anayewaonyesha grafu ya hewa iliyosafishwa na mabasi kumi, mwombeni data mbichi.

Mei, wiki ya kwanza

Siku zile 21 zilipita, majibu yakaja baadaye: gharama tumepewa, michoro nusu, hesabu ya abiria kabla ya mradi "inaandaliwa". Hesabu ya kabla haiwezi kuandaliwa baadaye. Ya asilimia 20 haikujibiwa kabisa. Hiyo tumeipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Ndiyo maana tumeamua kuchukua hesabu ya kabla sisi wenyewe kwenye njia zilizopangiwa mabasi ya mwendo kasi. NaMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji la Nairobi na viunga vyake iliyoundwa mwaka 2017, ilizipa laini tano majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Simba inapita Thika Road, ambako vituo vilianza kujengwa katikati ya barabara kabla mabasi hayajanunuliwa. Kila laini ambayo bado haijaanza kubeba watu ni nafasi ya kupima vizuri. Dar es Salaam walianza yao Mei 2016, na yeyote anayetaka leo kujua ni wangapi kati ya abiria wa Kimara walikuwa wakitembea kabla ya hapo atategemea kumbukumbu za watu.

Mei, wiki ya tatu

Waliohamishwa. Julai 2018 nyumba zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Ukipima leo walio kando ya barabara hiyo, unawapima waliobaki na waliokuja. Gharama iliondoka pamoja na walioondoka. Njia za mabasi nazo zinahitaji nafasi, na nafasi Nairobi ina mtu tayari: kibanda, karakana, chumba cha mabati. Kwa hiyo tunaandikisha kaya na biashara zilizo kwenye ukanda wa kila laini sasa, pamoja na namba mbili za simu, yake na ya jamaa wa nyumbani mashambani, maana laini ya simu ya Nairobi hupotea upesi. Namba zinakaa mbali na majibu na watu wawili tu wanazifikia. Wakihama watabaki kwenye hesabu ya mradi, wawe Rongai au Bungoma.

Juni

Ukurasa wa kwanza wa ripoti umeleta mvutano. Afisa mmoja aliyeona rasimu alitushauri tuanze na kilomita na idadi ya mabasi, "halafu hayo ya jamii yafuate." Tumefanya kinyume. Mstari wa kwanza wa jedwali ni wa kundi lililopata kidogo zaidi, kwa kila kijiji, na wastani wa jiji uko mwisho. Mabasi na kilomita ziko kwenye kiambatisho pamoja na gharama, ikiwemo kodi iliyosamehewa.

Matokeo ya mzunguko wa kwanza hatuyaweki hapa kwa sababu Kangemi haijakamilika, na mitaa miwili ilihojiwa wiki ya mvua kubwa wakati mingine ilihojiwa kukiwa kukavu. Nauli za wiki hizo mbili haziwezi kukaa kwenye safu moja. Tutarudia.

Mzunguko wa pili unaanza shule zikifunguliwa, kwa kuwa likizo hubadilisha nauli, foleni na saa za kutoka nyumbani. Fomu ya nyumbani imepunguzwa ikawa ukurasa mmoja mbele na nyuma. Tunatafuta wahojaji wawili wanaoishi Mukuru wenyewe, wanaoweza kuanza kazi saa kumi na moja asubuhi, na malipo ya saa hizo yatakuwa juu kuliko ya mchana.